Ifue Betri

Bura, Fafi
3 Februari 1999

Kwa Abti Shuaib, Nanyuki.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na natumai baridi ya mlima haijakumaliza mifupa. Hooyo anakusalimu. Anasema dada yako Osob bado ana meno yake, na kwamba wewe ukizidi kukaa Nanyuki utasahau hata ladha ya maziwa ya ngamia. Weris ameingia darasa la tatu. Mdogo wake Muse amepoteza jino la mbele na analitafuta kila siku chini ya mkeka kana kwamba litarudi lenyewe. Mvua ile ya mwaka juzi iliyotubomolea choo sasa tunaikumbuka kwa hamu, maana tangu Idd hatujaona wingu, na mbuzi wanapelekwa hadi mtoni kunywa.

Nakuandikia Kiswahili kama kawaida yetu. Kisomali kwangu ni cha mdomo, hakuna aliyenifundisha kukiandika, na Kiingereza wewe hukipendi. Ila abti na hooyo sitaviandika mjomba na mama, na wewe uzidi kuniita abti kama anavyorudishiwa mtoto wa dada.

Kilichoniketisha kuandika ni kamera uliyonitumia mwaka jana. Harusi tatu za kwanza ilifanya kazi vizuri, watu wakasifu. Kwenye harusi ya Nafiso ikaniaibisha. Siku ya nikaha hakukuwa na neno. Siku ya saba, kwenye shaash saar, wakati wanawake walioolewa wanamfunga bibi harusi kile kitambaa cha kichwa cha mke wa mtu, kamera ikazima baada ya dakika kumi na tano. Pale hakuna mwanamume anayeingia, kwa hiyo hakuna mwingine wa kuwapigia video isipokuwa mimi. Mama yake Nafiso aliniangalia tu kama niliyemwaga wali wa karamu.

Tatizo ni betri, haishiki chaji. Naichajia dukani kwa Maow, ambaye jenereta yake anaiwasha adhuhuri na kuizima baada ya Isha. Naiacha betri mgongoni mwa kamera, nachomeka waya wa chaja ubavuni, naiacha pale rafuni. Zamani ile taa ndogo ilikuwa inapepesa polepole mpaka betri ijae. Sasa inapepesa haraka haraka, halafu inazima, na betri iko vilevile.

Abti, unajua kwa nini hili kwangu si mchezo. Bare alipofariki, Korane kaka yake alinitaka kwa dumaal, anirithi kama desturi ya mjane wa ndugu. Korane si mtu mbaya. Kila asubuhi ananiletea maziwa na hajawahi kunipandishia sauti. Lakini simtaki, wallahi, simtaki hata kidogo, na nakuambia wewe kwa sababu kwa wazee sikulisema hivyo. Kabla ya Ramadhani walipokaa nilisema tu kwamba nina kazi ya mikono yangu na watoto wangu wanakula. Maalim, anayeongoza kikao, akasema sawa, tutaangalia mpaka harusi ya Bilan baada ya Idd ya Arafa. Kazi ikienda vizuri, naachwa nyumbani kwangu. Ikikwama, naingia kwa Korane. Nikajibu haya, mbele ya wote.

Basi naomba unijibu mambo mawili. Betri ina nini? Na wewe mwenyewe, kuhusu Korane, unasemaje?

Mtoto wa dada yako,
Jawahir

*

Nanyuki
19 Februari 1999

Kwa Abti Jawahir,

Wa alaykum salaam. Barua yako ilikaa siku nane Isiolo kwa sababu Abdiqani dereva aliisahau kwenye koti, na koti akamwazima mtu. Mimi ni mzima. Mguu unauma wakati wa baridi, na huku baridi haina wakati wake. Mwambie Osob ahesabu meno yake, mimi nina sita na yananitosha kwa nyama.

Sasa betri. Hii si kama zile nzito za zamani. Ni ya lithiamu, ina akili kidogo ndani yake. Ikiona jambo isilolipenda inakataa kupokea chaji, na ile taa ya haraka haraka ndiyo kukataa kwenyewe. Ubaya wake, haisemi inakataa nini. Kwa hiyo mimi nakuuliza, na wewe ujibu bila kuficha. File fyuma fidogo fya manjano fina fumbi? Huko kwenu fumbi linaingia hata kwenye yai. Futa na kitambaa kikafu, usitumie mate, najua unatumia mate. Jenereta ya Maow, je, taa za duka zinapanda na kushuka? Kama zinapanda na kushuka, chomoa kila kitu. Na kuna mtu yeyote ameifungua kamera? Usiniambie hapana kama ni ndiyo, mimi nitaona alama ya bisibisi.

Ukishajaribu hayo na bado, mpe Abdiqani betri na chaja afilete kwangu, nifipime na mita. Fifunge fizuri kwenye nguo. Usifunge na sukari kama ulifyofanya mara ile.

Fumilia. Salamu kwa wote.

Abti wako,
Shuaib

*

Bura
5 Machi 1999

Kwa Abti Shuaib,

Salaam nyingi. Weris ndiye aliyenisomea barua yako kwa sauti, na alipofika kwenye fumbi na fyuma alicheka hadi akakaa chini. Anasema mwalimu wake angekuchapa rula. Mimi nimemwambia abti anaandika anavyosema na anasema anavyosikia, mwache. Hooyo amepona kikohozi. Muse ameacha kutafuta jino.

Nimejaribu yote. Vumbi lilikuwepo, nimefuta, na mate sikutumia. Taa za duka la Maow zimetulia, hata redio yake hailii vibaya. Hakuna aliyeifungua kamera, niapishe ukitaka. Betri bado inapepesa haraka haraka. Mara moja tu ilishika kidogo, asubuhi ya siku ile Maow alipoiwasha jenereta mapema kwa sababu ya mgeni. Mchana wake ikakataa tena.

Basi nampa Abdiqani betri na chaja, zimefungwa kwenye shuka la Muse. Sukari iko kwenye mfuko wake peke yake. Nikaha ya Bilan ni tarehe nane Aprili na shaash saar ni tarehe kumi na tano. Nakuomba zirudi kabla ya Idd ili nijaribu.

Lile jambo la pili hukulijibu. Niligeuza karatasi nikaangalia nyuma, hakuna kitu. Labda karatasi ilikuishia.

Korane anakusalimu. Ananiuliza kila wiki kama umeandika.

Jawahir

*

Nanyuki
20 Machi 1999

Kwa Abti Jawahir,

Assalamu alaykum. Usishangae kuona barua ya taipu. Risasi ya kulehemu, ya moto, ilinidondokea mkononi nikiunganisha waya wa redio, na mkono wa kulia umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Anayepiga ni Mama Kendi, jirani yangu wa sokoni, ambaye huwapigia watu barua za ofisini. Mimi nasema, yeye anapiga. Si jeraha kubwa, usimwambie Osob, ataanza kulia na kuniombea mpaka watu wasikie.

Betri nimeipokea. Niliiweka kwenye chaja, ikajaa kwa saa mbili bila neno. Nikaitumia mpaka ikaisha, nikaichaji tena. Mara tatu. Betri haina ugonjwa na chaja haina ugonjwa. Ugonjwa uko huko Bura, kwa hiyo ni namna unavyoitumia.

Sikiliza na ufuate neno kwa neno. Kila mara kabla ya kuchaji, ifue betri, ipanguse vizuri, iache ipumzike kivulini saa nzima, ndipo uiweke kwenye chaja. Usiruke hata mara moja. Mafundi wengi hawawaambii wateja jambo hili, ndiyo maana betri zinakufa mapema.

Asante kwa sukari. Kuhusu mengine tutaongea tukionana.

Abti wako,
Shuaib

*

Bura
31 Machi 1999

Kwa Abti Shuaib,

Salaam. Idd ilipita salama, Hooyo na watoto wazima, na mkono wako Mungu auponye. Salamu zimeishia hapo, maana nina hasira na sitaki kuzifunika.

Betri ilifika siku mbili kabla ya Idd. Nilimsomea Maow barua yako dukani kwa sababu ni yeye mwenye umeme na nilitaka ajue. Nilipofika pale pa kuifua betri akanishika mkono. Alisema, "Jawahir, betri haifuliwi. Aliyekuambia uifue anataka ife." Mimi nikamjibu kwamba abti wangu amekaa na mabetri miaka thelathini, yeye anauza unga. Nikaondoka nimekasirika naye.

Siku ya Idd, Korane akaja kutusalimia. Akakaa nje kama kawaida yake, akanywa chai, akaniuliza harusi ya Bilan itakuwaje kama betri ni mbovu. Nikamwambia si mbovu na mimi bado sijashindwa. Akatikisa kichwa. Hakusema kwa ubaya, Abti, ndiyo maana liliniuma zaidi. Alisema, "Mimi nakungoja kwa heshima tu. Abti yako alikwisha nikubalia tangu matanga."

Nikamwuliza abti gani. Akasema mimi nina abti mmoja.

Nilikwenda kwa Hooyo nikamkuta tayari ameangalia chini. Alikuwa anajua. Wote mlikuwa mnajua, mimi ndiye nilikuwa napigwa chenga na barua za vumbi na mate. Mara mbili nimekuuliza unasemaje kuhusu Korane, na mara mbili umenijibu mambo ya betri. Sasa nimeelewa kwa nini karatasi ilikuishia.

Basi nakuuliza kwa mara ya tatu, na swali limebadilika. Uliniambia niifue betri ili ife? Maana ikifa, kazi yangu imekufa kwenye harusi ya Bilan, neno ulilompa Korane linatimia, na hakuna atakayesema ni wewe. Kama si hivyo, niambie ni nini. Fundi mzima, kwa taipu, kwa herufi safi, kufua betri.

Jawahir

*

Bura
3 Aprili 1999

Kwa Abti Shuaib,

Barua yangu ya juzi imeondoka na lori la Isiolo na siwezi kuikimbilia. Hii inakuja nyuma yake na gari jingine, na Mungu akipenda utazipata zote mbili.

Siku ile baada ya kuipeleka barua nilirudi nyumbani nikaichukua ile betri nikasema kama abti anataka ife basi ife kwa maneno yake mwenyewe, nisije nikaambiwa niliiua mimi. Nikachota maji ya mtungi, yale ya baridi. Wallahi kuichovya sikuweza. Nililowesha kitambaa, nikakikamua, nikaisugua kila upande kama masikio ya Muse, ila vile vyuma nilivikwepa. Nikaipangusa. Nikaiweka chini kando ya mtungi, kivulini, saa nzima, kama ulivyosema. Halafu nikaenda kwa Maow, mchana kabisa, nikaiweka kwenye chaja yenyewe, bila kamera, maana nilikuwa sitaki kuiona kamera.

Taa ikapepesa polepole. Maow akatoka nyuma ya mizani akaja kuinama. Tukakaa wawili tunaiangalia kama mgonjwa. Saa kumi ilikuwa imejaa.

Jana nilijaribu makusudi bila kuifua. Ikakataa. Nikaifua, ikakubali. Leo hivyo hivyo. Maow sasa anawaambia watu kwamba betri za siku hizi zinataka usafi, na jana nusura mtu aimwagie maji redio yake.

Kwa hiyo kuhusu betri nilikusingizia, na nakuomba msamaha. Kuhusu Korane sijakuomba msamaha wowote. Swali langu la kwanza liko pale pale.

Jawahir

*

Nanyuki
14 Aprili 1999

Kwa Abti Jawahir,

Wa alaykum salaam. Bendeji imetoka na naandika kwa mkono wangu, polepole, kila v naiangalia mara mbili. Utaona kwa nini.

Barua yako ya hasira ilifika tarehe tisa. Nilikaa nayo siku tatu, duka sikufungua. Tarehe kumi na mbili ikaja ya pili. Nikaisoma nimesimama, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Kendi nikamwuliza ulipiga nini kwenye barua yangu. Akatoa kopi yake. Ifue. Nikamwambia mimi nilisema ivue. Akasema, "Mzee, ulisema ifue, na nikakuuliza mara mbili, ukasema ndiyo, ifue." Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akacheka mpaka wateja wake wakageuka.

Vua, Jawahir. Kama mtu anavyovua kanzu. Ulikuwa unaichaji ikiwa imevaliwa mgongoni mwa kamera, na kamera imetoka kazini ina moto. Nilitaka uivue, ipumzike, uichaji peke yake. Maneno mengine yote Mama Kendi aliyanyoosha kwa sababu anajua vumbi si fumbi. Lakini kufua ni neno kamili, akaliacha lilivyo.

Sasa ugonjwa nimeuona, na si mimi niliyeuona, ni kitambaa chako. Ni joto. Betri hii ikipata moto kupita kiasi haikubali kuchajiwa, inajilinda isivimbe au isiungue. Mimi hapa maji ya bomba yanauma vidole, ndiyo maana kwangu ilijaa mara tatu bila neno, na nikakulaumu wewe. Duka la Maow ni la bati, mchana wa Machi, na juu yake moto wa kamera. Ungeniambia saa unayochaji ningejua. Kweli uliniambia, ile asubuhi ya mgeni, nikapita juu yake. Usiifue tena, maji yakiingia ndani itaharibika na hata kuwaka. Ivue tu, iweke kando ya mtungi bila kuilowesha mpaka ipoe, na uichaji jua likishapungua.

Hapo nimemaliza betri. Mkono hautaki kuendelea, lakini nitaulazimisha.

Ni kweli nilimkubalia Korane. Ilikuwa siku ya tatu ya matanga ya Bare. Tulikaa mkeka mmoja, nimekula nyama yao, amelia mbele yangu kama mtoto. Akasema, "Watoto wa ndugu yangu nitawalea, na mama yao nitamsitiri. Unasemaje?" Nikaitikia haye. Neno moja. Wewe ulikuwa ndani, eda yako haijatimiza hata wiki, sikukuuliza. Nilirudi Nanyuki nikijiona nimefanya jambo zuri. Miezi mitano baadaye Osob akanitumia salamu kwamba wewe humtaki.

Kulirudisha neno kwa mtu kama Korane niliona aibu. Angekuwa mtu mbaya ningelirudisha siku hiyo hiyo. Ile kamera sikuiokota kwa mteja kama nilivyokuambia. Niliinunua. Nilifikiri ukiwa na kazi yako utajiokoa mwenyewe, Korane atachoka kungoja, na mimi sitalazimika kufungua mdomo. Nilikuwa naogopa, Abti. Na kila ulipouliza nilikimbilia betri kwa sababu betri naijua.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine, ya wazee. Nimeandika kwamba neno lile nilitoa mimi, halikuwa langu kulitoa, na nimelirudisha. Wasomee kwenye kikao. Ikichelewa, Mungu anisamehe.

Nisamehe na wewe.

Abti wako,
Shuaib

*

Bura
27 Aprili 1999

Kwa Abti Shuaib,

Assalamu alaykum warahmatullah. Hooyo mzima, watoto wazima, mvua imeanza kunyesha tangu wiki jana na Weris anakwenda shule na viatu mkononi. Bilan ameolewa salama. Mama yake amekutumia ubani, uko kwa Abdiqani, muulize asipokupa.

Barua yako ilinifikia tarehe ishirini na tatu. Kwa hiyo kwenye harusi ya Bilan nilikuwa bado naifua betri, Mungu alinihurumia. Shaash saar iliendelea saa mbili na nusu na kamera haikuzima. Nimewapata wote, mpaka bibi mmoja wa Hulugho aliyecheza akamwangusha mwenzake juu ya masufuria. Mama yake Nafiso alikuwepo. Alikuja akanisimamia mgongoni, akaitazama ile taa nyekundu ya kurekodi mpaka mwisho, na alipoondoka alinigusa bega.

Kikao cha wazee kilikuwa tarehe kumi na saba. Nilikwenda na kamera kwenye mfuko wake, na kanda, niwaonyeshe kwamba kazi inakwenda. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani. Maalim akaniuliza, "Haya, Jawahir, mashine imefanya kazi?" Nikafungua mdomo nijibu kwamba imefanya, na nikamwona Korane amekaa pale na kofia yake mpya, anangoja kusikia habari ya betri. Mtu mzima, miaka miwili, anangoja betri. Nikamwonea huruma na nikajionea aibu. Nikasema, "Mashine imefanya kazi, lakini hata ingekufa, Korane simtaki kuwa mume wangu. Ni shemeji yangu na namheshimu."

Nilidhani watanifukuza. Maalim akasema mjane haozwi bila ridhaa yake, hilo linajulikana na watoto wa madrasa, na kama ningelisema hivyo kabla ya Ramadhani tusingekaa vikao vitatu kujadili kamera. Akaniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimefanya kama wewe, Abti. Nilitaka kamera inisemee.

Korane hakupiga kelele. Aliuliza jambo moja tu, "Na neno la abti yake?" Maalim akamwambia hilo liko baina yako na aliyekupa. Korane akainuka. Tangu siku hiyo maziwa anayaacha mlangoni, habishi hodi, na chai hanywi tena kwangu. Muse anamfuata hadi njiani, naye anamrudisha kwa upole. Mimi sikumpa neno nikalivunja, kwa hiyo naweza kumwangalia usoni. Ni yeye asiyeweza kuniangalia, maana anaona sisi wote tulikuwa tunamcheka, na mtu wa kumwambia sivyo hayupo.

Karatasi yako ya wazee nimeisoma mara mbili. Ni nzuri na nililia. Lakini sikuipeleka, nakurudishia humu ndani. Wazee hawaidai. Anayedai ni Korane, na Korane hakupewa neno kwa karatasi. Alipewa na mtu aliyekaa naye mkeka mmoja akala nyama yake.

Nimekusamehe, na nasema kwa moyo mweupe. Yeye bado. Hooyo amekwisha kutoa godoro lako juani na amemwambia kila mtu unakuja, usimfanye mwongo kwenye umri wake. Gari linatoka Isiolo Jumanne na Ijumaa. Barua hii usiijibu. Panda uje.

Jawahir